Maji ya ziwa meupe kama kioo, mbona samaki hakuna? (Minnesota kaskazini)

Msukuma wa Baridi (mtoa mada)

Wakuu, habari za mapumziko.

Kuna jambo linanisumbua tangu Jumamosi, nimeona nililete hapa maana jukwaa hili halikosi mtu wa kila fani. Mimi ni mtoto wa Mwanza, nimekulia Kirumba, hatua chache kutoka mwaloni. Samaki ninawajua, ila ninawajua kwa kununua, kuparua na kula. Kuvua kwenyewe nimejifunzia huku Marekani, ukubwani.

Naishi Duluth, Minnesota. Kazini kuna mzee mmoja Mmarekani ana kibanda chake cha mbao porini, mwendo wa saa mbili kwa gari, karibu na mpaka wa Kanada. Kuna ziwa dogo hapo, ekari 200 halifiki. Misonobari pande zote, mawe makubwa ya kijivu yameingia majini kama ng'ombe wanaokunywa. Jina la ziwa silitaji. Si siri, ila nawajua.

Sasa hayo maji! Nilisimama kwenye gati nikaona kokoto za chini, nikaona gogo lililozama na kila tawi lake, nikaachia ndoana nikaitazama ikishuka, ikishuka, mpaka shingo ikachoka. Nikasema moyoni, maji safi namna hii leo natoka na ndoo mbili.

Kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nane mchana tulipata samaki MMOJA. Trauti wa ziwa, sentimita 56, mwembamba, kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili, kama mtu aliyetoka wodini. Mzee akalowesha mikono kwanza, akamtoa ndoana taratibu, akamshikilia majini mpaka alipotikisa mkia, akamwachia. Nilibaki mdomo wazi. Namuuliza kulikoni, ananiambia, "Huyo anaweza kuwa rika la mwanao." Mwanangu wa kwanza ana miaka kumi na minne.

Naombeni elimu. Maji safi, hakuna kiwanda, hakuna nyavu za makokoro, watu wenyewe wa kuhesabu. Samaki wako wapi? Na yule wa miaka kumi na minne kwa nini hana mwili?

Chambo Hai

Umevua samaki mmoja siku nzima halafu mkamrudisha. Mkuu, Usukumani wasijue habari hii.

Kapelele

Maji yakiwa meupe hivyo jua kuna dawa. Wazungu hao huwa wanatia dawa za kuua mbu na majani. Usiogelee wala usinywe. Mimi nimemaliza.

Mwana Kigoma

Kapelele umemaliza nini sasa, hata hujaanza.

Mtoa mada, nakupa pole, ila hoja ya kwamba maji meupe hayana samaki mimi siipokei na wala asije mtu kuileta. Ziwa Tanganyika ni kioo. Siku imetulia unaona chini mita kumi na kitu, na dagaa wapo, migebuka wapo, sangara wetu wapo. Giza la mwezi likiingia, ukisimama Kibirizi usiku unaona taa za mitumbwi zimejaa ziwani utadhani ng'ambo kuna mji mwingine. Kwa hiyo shida ni hilo ziwa lenu, au ni wewe na ndoana yako.

Msukuma wa Baridi

Ndoana haikuwa yangu, ilikuwa ya mzee, na mzee ana miaka arobaini anavua hapo. Tutafute sababu nyingine.

Mwalimu wa Maji

Nilikuwa nasoma kimya kimya nikasema siingii, lakini hiyo ya dawa imenishinda. Kazi yangu ni kupima maji ya maziwa. Miaka sita nimeifanya nyumbani, sasa nipo Kanada.

Mtoa mada, kichwa cha uzi wako kina kosa moja tu, neno "mbona". Ungeandika "kwa hiyo". Maji meupe kama kioo, KWA HIYO samaki hakuna.

Lichukulie ziwa kama malisho. Kuna mwani mdogo sana unaoelea, huo ndio majani. Kuna viroboto wa maji na vijidudu wenzao, hao ndio mbuzi wanaokula majani. Samaki wadogo wanakula mbuzi, samaki wakubwa wanakula wadogo. Unapoona chini ya ziwa mpaka shingo inachoka, maana yake kati ya jicho lako na ile kokoto hakuna majani. Umesimama ukingoni mwa jangwa ukisifia jinsi unavyoona mbali.

Na jangwa hilo lina sababu. Eneo lenu limekaa juu ya mwamba mgumu wa kale, na barafu nene iliyoondoka kama miaka 10,000 iliyopita ilikwangua udongo wote ikaupeleka kusini kwa wakulima wa mahindi. Mvua ikinyesha juu ya jiwe, itaingia ziwani na nini? Kirutubisho kinachokosekana kuliko vyote ni fosforasi. Ziwa la namna hiyo huwa na mikrogramu 10 kwa lita, au pungufu. Ili uielewe, chukua magari kumi ya maji, kila moja lita 10,000, halafu tafuta fosforasi yote iliyomo humo. Utapata gramu moja. Robo ya kijiko cha chai cha chumvi ni nzito kuliko hiyo.

Haya si maneno ya kubahatisha. Kaskazini magharibi mwa Ontario, jimbo la Kanada, si mbali sana na hapo ulipovua, kuna maziwa madogo zaidi ya 50 yaliyotengwa kwa majaribio tangu 1968. Moja linaitwa Ziwa 226, hayana majina, yana namba kama wafungwa. Limebanwa katikati kama kiuno cha nyigu. Mwaka 1973 mtafiti David Schindler na wenzake walivuta pazia la plastiki hapo kiunoni, wakaligawa ziwa vipande viwili. Kipande kimoja wakatia kaboni na naitrojeni. Cha pili wakatia hivyo hivyo viwili na fosforasi juu. Wakapiga picha kutoka angani. Upande mmoja maji meupe kama kawaida yake, upande wa pili kijani kibichi, mpaka umekatwa na pazia kama kwa rula. Siku zile kulikuwa na ubishi mkubwa wa sabuni za kufulia zenye fosfeti, wenye viwanda wakisema si wao. Ile picha iliwanyamazisha wengi.

Kuhusu mwili wa yule trauti, ongeza baridi. Ziwa linafunikwa barafu karibu miezi mitano. Muda wa kula na kukua ni mfupi, chakula chenyewe cha kuokoteza. Trauti wa ziwa katika maziwa kama hayo anaweza kufika miaka saba, nane au zaidi kabla hajataga hata mara moja, na anaishi miaka ishirini na kuendelea. Umri wake husomwa kwenye kijiwe kidogo cha sikio, kinakatwa na kuhesabiwa mistari kama pete za mti. Mzee wako hakuwa anatia chumvi.

Mwana Kigoma nakuja kwako, nimeshika chai kwanza.

Chambo Hai

"Yana namba kama wafungwa" 😂

BintiNyanza

Nimeweka kiti mbele kabisa. Mwalimu kunywa chai haraka.

Mwalimu wa Maji

Mwana Kigoma, hoja yako ni nzuri na ndiyo inayowachanganya hata wanafunzi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Chakula chake kipo, ila kimehifadhiwa chini gizani, huko ambako oksijeni hakuna na dagaa hafiki. Wewe unajua upepo wa kusi wa kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba hivi. Ule upepo unasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na kusini maji ya chini yanapanda na virutubisho vyake. Mwani unaota, unaliwa mara moja, dagaa anakula aliyeula, mgebuka anamla dagaa. Kila kinachoota kinaliwa haraka, ndiyo maana maji yanabaki meupe huku dagaa wamejaa. Ni duka dogo lenye mauzo makubwa, rafu tupu lakini pesa inazunguka. Na jua ni la mwaka mzima.

Ziwa la mtoa mada ni duka lenye rafu tupu na mauzo hakuna.

Nyongeza ambayo si nzuri: Tanganyika likizidi kupata joto, maji ya juu yanakuwa mepesi kuliko ya chini na upepo unashindwa kuyachanganya. Watafiti waliliandika hilo tangu 2003. Wavuvi wa Kigoma wakisema dagaa wamepungua, nyavu ni sehemu tu ya maelezo.

Mwana Kigoma

Hiyo ya duka nimeielewa. Hiyo ya joto naijua kwa macho, baba yangu alikuwa mvuvi. Naondoa pingamizi langu, ila la ndoana nabaki nalo.

Lushois

Jambo bandugu. Miye natoka Lubumbashi, sasa niko Sudbury, Ontario, kwa kazi ya mugodi. Kiswahili yangu ni ya Katanga, mutanisamehe.

Huku maji meupe ilikuwa alama mubaya. Banayeyusha nikeli na shaba hapa miaka mingi, moshi ikatoka na kibiriti, mvua ikageuka asidi. Bazee ba hapa bananiambia miaka ya 1970 kulikuwa maziwa ya buluu kama kadi ya posta, unaona mpaka chini kabisa, batu banakuja kupiga foto. Samaki? Hata moja. Konokono? Hapana. Ile uzuri yote ilikuwa kaburi. Mu 1972 wakajenga bomba la moshi la mita 381, hewa ya muji ikakuwa muzuri kidogo, lakini moshi ikaenda tu mbali kwa wengine. Baadaye ndiyo serikali ikabana, bakapunguza kibiriti yenyewe, na maziwa mingi imeanza kurudi, samaki bakaonekana tena.

Sisi tuko na bomba letu la Lubumbashi. Siku ya kwanza kuona hili la hapa, niliwaza nyumbani.

Mwalimu wa Maji

Lushois asante sana, hilo ndilo nililokuwa nataka lisemwe na mtu anayeishi hapo. Asidi inaondoa ile rangi ya chai inayotoka kwenye majani yaliyooza, na inaua vinavyoishi majini, basi maji yanakuwa meupe kupita kiasi.

Kwenye yale maziwa ya namba kuna Ziwa 223. Kuanzia 1976 walikuwa wanatia asidi kidogo kidogo kila mwaka ili waone nani anaondoka wa kwanza. Wote walitazamia trauti afe. Trauti hakufa. Waliotoweka mwanzo ni kamba wadogo wa majini na visamaki fulani, yaani chakula chake, tena mapema, asidi ikiwa bado ya kiwango ambacho wengi walidhani ni salama. Trauti wakubwa wakabaki wanazunguka kwenye maji safi, mwaka baada ya mwaka wanakonda. Ukiona picha zao utalia, kichwa na mkia, katikati utepe. Na watoto wapya hawakuonekana tena.

Walipopunguza asidi ziwa likaanza kujirekebisha.

Kapelele

Kwa hiyo nilikuwa sahihi, kuna dawa.

Mwalimu wa Maji

Hapana Kapelele.

Msukuma wa Baridi

Aisee. Sasa mmenitia hofu, kichwa kikubwa mwili mwembamba ndivyo yule wangu alivyokuwa. Nitajuaje kama la kwetu ni maskini tu au linakufa?

Mwalimu wa Maji

Usihangaike. Pindua jiwe kwenye maji ya magotini. Ukikuta konokono, funza wa wadudu waliojijengea nyumba za vijiti na mchanga, kamba wadogo, ziwa lina uhai. Pili, sikiliza usiku kama kuna vyura. Tatu, jimbo la Minnesota lina kumbukumbu za vipimo vya maziwa kwa maelfu, mwambie mzee aangalie la kwake.

Ila trauti mwembamba inawezekana ni kitu rahisi zaidi. Kama ziwa halina samaki wadogo wenye mafuta wanaokaa maji ya baridi, wale wanaoitwa sisko, trauti anabaki kula vijidudu maisha yake yote. Hawi mkubwa. Mzee anamjua kila mmoja karibu kwa sura.

Na kuna mwezi wa Agosti. Maji ya juu yanapata joto, trauti hawezi, anashuka. Kule chini kumefungwa tangu masika, hewa mpya haifiki, na kila kinachooza kinakula oksijeni iliyokuwepo. Kwa hiyo anabanwa katikati, juu tanuri, chini hakuna pumzi, anabaki na tabaka la mita chache. Hapo hapati chakula vizuri. Mpaka baridi ya Oktoba ipoze maji ya juu, yawe mazito, yazame, ziwa zima lijigeuze kama uji unaokorogwa. Ndipo anapumua.

MamaTunu

Hamjambo. Mimi ni Mkenya niko Brooklyn Park, hapa karibu na Minneapolis. Nimesoma hii thread yote nikiwa na swali langu. Niko na mimba ya miezi mitano. Shemeji yangu anapenda kuvua huko kaskazini na kila wikendi anatuletea hao samaki wakubwa wenye macho ya kung'aa. Anasema maji ni safi hata unaweza kunywa. Kule kliniki nesi aliniuliza nakula samaki gani, nikajibu, akaandika kitu na uso wake ukabadilika. Kuna shida?

Msukuma wa Baridi

Dada huyo anaitwa wolai. Ukimtamka haraka utadhani unaapa. Macho yanawaka kama ya paka kwa sababu ni mtu wa giza, mchana kwenye maji meupe anajificha, anatoka jioni kuwinda.

Mwalimu wa Maji

MamaTunu, nesi ana sababu, na wewe usishtuke.

Ni zebaki. Inatoka mbali sana na hilo ziwa: makaa ya mawe yanayochomwa kwenye mitambo ya umeme, na dhahabu. Wale wachimbaji wadogo tunaowajua wa Geita na kwingineko duniani, wanaokamatisha dhahabu kwa zebaki kisha wanaiunguza kwenye kikaango, moshi ule haukai Geita. Unapanda, unazunguka dunia, unashuka na mvua hata kwenye ziwa ambalo halina nyumba. Kwenye vinamasi na tope la ziwa bakteria wanaigeuza kuwa aina inayoingia mwilini na kukaa. Kijidudu anakula kidogo, samaki mdogo anakula vijidudu elfu, wolai anakula samaki wadogo miaka kumi. Majini kipimo hukipati bila mashine ya gharama, ila kwenye nyama ya samaki mkubwa imejikusanya mara milioni na zaidi.

Kwa hiyo kuoga humo hakuna neno. Tatizo ni mdomoni, na kwa mtoto aliye tumboni, maana inagusa ubongo unaojengwa. Kukaanga hakuiondoi, kukata mafuta hakuiondoi, iko kwenye nyama yenyewe.

Usiache samaki kabisa, samaki ni mzuri kwa mtoto. Mwambie shemeji akuletee wadogo, wale wasiokula wenzao, na wale wakubwa ale yeye. Idara ya afya ya Minnesota ina mwongozo wa bure unaotaja aina ya samaki, urefu wake na mara ngapi kwa mwezi, kuna sehemu ya wajawazito na watoto. Nenda nao kliniki, muusome pamoja na huyo nesi.

Kuna habari njema kidogo. Kwenye Ziwa 658, kule kule Ontario, walitia zebaki yenye alama maalumu kuanzia 2001 kwa miaka saba, wakaacha. Ile yenye alama ikashuka ndani ya samaki kwa miaka michache tu. Maana yake ikizuiwa huko inakotoka, samaki watapona tukiwa hai kuona.

MamaTunu

Asante sana mwalimu. Shemeji nimemtumia hii, amejibu na emoji ya hasira. Atazoea.

BintiNyanza

Kumbe zebaki ya kwetu inaweza kuishia kwenye sahani ya Minnesota. Dunia ndogo.

Mimi swali langu ni jingine. Kama ziwa ni maskini si walitie mbolea kidogo? Au wapandikize samaki?

Msukuma wa Baridi

BintiNyanza umenitangulia. Jirani wa mzee, amehamia mwaka juzi, ana mipango hiyo hiyo. Anataka kuondoa magogo yote yaliyoangukia majini "ziwa lipendeze", apande nyasi za bustani mpaka ukingoni, na anasema akipata nafasi ataleta ndoo ya samaki aina ya besi kutoka ziwa lingine awaachie. Mzee amemnunia, hawasalimiani.

Mwalimu wa Maji

Huyo jirani ni hatari kuliko kiwanda. Acha nianze na magogo.

Huko Wisconsin kuna ziwa dogo linaitwa Little Rock, nalo lina kiuno. Mwaka 2002 watafiti waliondoa sehemu kubwa ya miti iliyoangukia majini upande mmoja, upande wa pili wakaiacha. Upande uliosafishwa, samaki wadogo waitwao perchi wa manjano wakakaribia kuisha. Walikosa pa kujificha na pa kuning'iniza mayai yao, ambayo yanatoka kama utepe wa shanga. Besi wakawamaliza, wakabaki kungoja wadudu na vijinyama vinavyodondoka kutoka nchi kavu, ukuaji wao ukapungua. Ziwa lilipendeza. Ule mti uliouona mtoa mada, wenye kila tawi lake, ni nyumba ya kupanga yenye familia nyingi.

Nyasi za bustani: mizizi mifupi, mvua inateleza juu yake moja kwa moja mpaka ziwani, na mbolea yake. Minnesota ilizuia fosforasi kwenye mbolea ya bustani tangu 2005 jimbo zima, isipokuwa kwa nyasi mpya au udongo uliopimwa ukaonekana unaihitaji. Kumbuka ile gramu moja. Ziwa Victoria linaweza kumeza uchafu mwingi kabla hujaona, ingawa nalo limeshasema imetosha. Ziwa la ekari 200 lililozoea njaa halina ubavu huo, shimo la maji taka la nyumba tano likivuja utaliona kijani katika maisha ya mtoto mmoja.

Na kupandikiza. BintiNyanza wewe unatoka Nyanza, nani anahitaji kukueleza? Sangara aliingizwa miaka ya 1950 na 1960, furu wa aina mamia wakaliwa mpaka zingine hazijaonekana tena. Faida ya minofu ilikuja, sikatai, watu walijenga nyumba Mwanza. Lakini hakuna aliyeweza kumtoa alipogundua bei.

Kwenye maziwa madogo inakwenda haraka zaidi. Jimbo la Michigan kuna maziwa matatu yamekaa karibu karibu, yanaitwa Peter, Paul na Tuesday, yaani Petro, Paulo na Jumanne. Mwaka 1985 watafiti walitoa besi wengi Petro wakawapeleka Jumanne, na visamaki vya Jumanne wakavipeleka Petro. Paulo wakamwacha alivyo awe shahidi. Jumanne besi wakala visamaki vilivyosalia, viroboto wakubwa wa maji wakapata nafuu kwa kuwa mlaji wao hayupo, wakanenepa, wakala mwani, maji yakawa meupe zaidi. Bila kugusa mbolea hata kijiko. Kwa hiyo rangi ya maji inaweza kubadilishwa na samaki wa juu kabisa. Huyo jirani hajui ndoo yake itasukuma upande gani, na mimi pia sijui bila kupima. Ninachojua ni kwamba besi akiingia kwa trauti, anamaliza visamaki vya ukingoni, trauti anabaki na vijidudu vya katikati ya ziwa. Yule wa miaka kumi na minne atakonda zaidi.

Halafu ni kosa la jinai huko kwenu. Kuhamisha samaki bila kibali, kumwaga ndoo ya chambo ziwani, hata kusafirisha boti bila kuchomoa kizibo cha maji. Ndani ya maji ya ndoo kunaweza kuwa na vichanga vya kome milia visivyoonekana kwa jicho. Huyo kome naye husafisha maji yakawa meupe kabisa, kwa kuchuja chakula chote na kukifungia chini. Watu hufurahi mwaka wa kwanza, mpaka watoto wanapokatwa miguu na makombe yake.

Kapelele

Hii sasa nakubali. Jirani ashitakiwe.

Mwana Kigoma

Kapelele leo umesema.

Msukuma wa Baridi

Wakuu mrejesho.

Nilirudi Jumamosi. Jirani tumemkalisha, si kwa ukali. Nilimwonyesha maji, nikamwambia kwetu kuna ziwa mtu alileta samaki kwa ndoo. Akasikiliza kuliko nilivyotegemea. Magogo yatabaki. Kuhusu nyasi anasema mkewe ndiye mwenye uamuzi, hapo niliishia.

Nilipindua mawe kama Mwalimu alivyosema. Jiwe la kwanza tupu. La pili, konokono wawili wadogo kama punje ya choroko. La tatu nikakuta kijiti kinatembea! Nikakishika, kumbe ni mdudu amejivika vipande vya majani na kokoto ndogo ndogo zimepangwa kama vigae, kichwa cheusi kinachungulia. Nikamrudisha, jiwe nikalilaza kama lilivyokuwa.

Kisha nikatengeneza sahani ya kupimia maji yanaonekana mpaka kina gani. Mzee alinisimulia kwamba aliyeianzisha ni padri Mwitaliano, Angelo Secchi, mtu wa nyota, alishusha sahani baharini mwaka 1865 kutoka kwenye meli ya Papa. Ya kwangu ni kifuniko cha ndoo ya rangi, nimekata sentimita 20, robo nyeusi, robo nyeupe, robo nyeusi, robo nyeupe, nikafunga boliti nzito katikati na kamba yenye fundo kila nusu mita. Saa sita mchana, upande wa kivuli wa boti, mzee ameshika makasia. Fundo la kumi bado naiona. La kumi na mbili nyeupe imekuwa ya kijani. La kumi na nne imepotea. Nikaivuta juu kidogo ikarudi, nikaishusha ikapotea tena. Mita 7.

Mzee akaandika kwenye daftari lake. Ana vipimo vya nyuma humo, mikono ya watu watatu tofauti, wa kwanza ni baba yake.

Samaki sikupata.

Mwana Kigoma

Hiyo sahani ilete Kigoma. Njoo na kamba ndefu, na ndoana nyingine.

Mwalimu wa Maji

Pima tena siku kama hiyo mwezi ujao, saa ile ile, boti pale pale. Na muulize mzee kama baba yake aliandika siku barafu ilipoyeyuka.

Msukuma wa Baridi

Aliandika. Kila mwaka.